WIZARA YA NISHATI NA JIKO LA SHULE YETU

Muhula uliopita, nilipokuwa mwalimu wa zamu, ilinyesha mvua kubwa siku mbili mfululizo. Kuni za shule zilikuwa zimerundikwa nje pasipo paa, zikalowa chepechepe. Siku ya tatu maharage hayakuiva kwa wakati wake. Wanafunzi walikula chakula cha mchana saa kumi alasiri, na vipindi viwili vya mwisho vikapotea. Nilikwenda jikoni kuuliza sababu, nikamkuta mama mpishi anapuliza moto, macho mekundu, moshi umejaa hadi darini.

“Pole, mama,” nikamwambia.

“Ahsante, Mwalimu,” akajibu. “Mimi hapa nalia kila siku, na wala sikufiwa na mtu. Kuni ndizo zinaniliza.”

Kesho yake nilikuwa nikifundisha habari za wizara za Serikali. Nilipofika kwenye Wizara ya Nishati, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinyosha mkono, akasema, “Mwalimu, wizara hiyo si ya umeme? Chakula chetu chapikwa kwa kuni. Basi sisi yatuhusu nini?” Nilimjibu kwa maneno machache, lakini jibu langu halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Kwa hiyo nimeona yafaa nilijibu swali lile hapa kwa urefu, ili wanafunzi wote wapate kulisoma, na walimu wenzangu na wazazi vilevile.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: Wizara ya Nishati si wizara ya nguzo na nyaya peke yake. Ni wizara ya moto wote unaowaka katika nchi, na sehemu kubwa ya moto huo ingali inawaka katika mafiga. Sasa tutazame jambo hili hatua kwa hatua.

Wizara ni nini, na hii ilitoka wapi?

Nishati maana yake ni nguvu ya kufanya kazi. Jua lina nishati, maji yanayoporomoka yana nishati, kuni zina nishati, na mafuta ya taa yana nishati. Nchi isiyo na nishati haiwezi kusaga unga, wala kuendesha kiwanda, wala kuchemsha uji. Kwa sababu hiyo kila serikali huweka ofisi ya kuangalia jambo hili.

Katika Tanzania Bara ofisi hiyo ni Wizara ya Nishati, nayo iko Dodoma katika Mji wa Serikali wa Mtumba. Mkubwa wake ni Waziri, ambaye ni mbunge, na chini yake yuko Naibu Waziri. Mtendaji mkuu wa shughuli za kila siku ni Katibu Mkuu. Wako pia makamishna wawili ambao yafaa mwanafunzi awajue: Kamishna wa Umeme na Nishati Jadidifu, na Kamishna wa Petroli na Gesi. Nishati jadidifu ni ile isiyokwisha kwa kutumiwa, kama vile jua, upepo na maji.

Wazazi wetu wengi hapa Geita wangali wanaiita “Nishati na Madini”. Hawakosei sana, maana hadi mwaka 2017 zilikuwa wizara moja. Oktoba mwaka huo zilitenganishwa, na leo dhahabu ya Geita ni habari ya Wizara ya Madini, na umeme ni habari ya Wizara ya Nishati. Mkoa wetu una uhusiano wa karibu na wizara hii. Dkt. Medard Kalemani, aliyekuwa mbunge wa Chato, aliiongoza tangu mwaka 2017 hadi 2021, na Dkt. Doto Biteko, mbunge wa Bukombe, aliiongoza tangu mwaka 2023 hadi 2025, akiwa pia Naibu Waziri Mkuu. Basi mtu asiseme kwamba mambo ya nishati ni mambo ya watu wa mbali.

Wizara yenyewe haichimbii nguzo wala haiuzi umeme. Kazi yake ni kutunga sera, kupeleka miswada Bungeni, kuomba fedha na kusimamia vyombo vinavyotenda. Sera inayotajwa sana ni Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015. Na vyombo vyenyewe ni hivi:

Kwanza, TANESCO, yaani Shirika la Umeme Tanzania. Asili yake ni makampuni mawili yaliyoanzishwa mwaka 1931, wakati wa utawala wa Waingereza. Hili ndilo linalozalisha umeme, kuusafirisha na kuuza kwa mita za LUKU.

Pili, REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Uliwekwa na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Kazi yake ni kupeleka nishati kule ambako mfanyabiashara peke yake asingekwenda kwa kuogopa hasara. Mwanakijiji aliyeunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 ajue kwamba gharama ya kweli ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi, na iliyobaki imelipwa na taifa.

Tatu, TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli, lililoanzishwa mwaka 1969. Hili hushughulika na gesi asilia na mafuta.

Nne, EWURA, ambayo huidhinisha bei za umeme na kutangaza bei kikomo za petroli na dizeli. Dereva wa bodaboda anayelalamikia bei ya petroli kila mwezi, analalamikia tangazo la chombo hiki, ingawa chanzo cha bei aghalabu ni soko la dunia.

Umeme wetu na mvua

Sasa tuulize: umeme unaowasha taa za madarasa yetu watoka wapi? Sehemu kubwa watoka katika maji na katika gesi asilia.

Tangu zamani nchi yetu ilitegemea maji. Bwawa la Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na Mtera likafuata mwaka 1988. Maji ni nishati njema, maana hayana moshi na mvua hailipiwi. Lakini yana sharti moja: mvua lazima inyeshe. Katika mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mvua ilipungua, mabwawa yakashuka, na nchi nzima ikapata mgawo wa umeme. Oktoba 2015 maji yalipungua hata mitambo ya mabwawa ikazimwa. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka mashine za kusaga zikilala mchana kutwa na vinyozi wakikaa mlangoni.

Hapo ndipo gesi ilipotufaa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Mwaka 2015 bomba jingine kutoka Mtwara lilifika Dar es Salaam. Gesi haingoji mvua. Wenzetu wa Kenya, ambao nao walisumbuliwa na ukame, walichimba mvuke wa moto chini ya ardhi huko Olkaria tangu mwaka 1981, na huo nao haungoji mvua.

Kazi kubwa ya wakati wetu ni Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018 na makampuni mawili ya Misri. Lina mitambo 9, na kila mmoja una uwezo wa megawati 235. Zidisha mwenyewe: jumla ni megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ilikuwa imekamilika. Kwa ajili yake uwezo wa mitambo yote ya nchi ulipita megawati 4,000. Karibu nasi zaidi, katika maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara, upo mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawasawa.

Hapa Geita tumeona matunda yake. Kituo cha kupoza umeme cha Mpomvu kimeungwa na Gridi ya Taifa kwa njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu. Mgodi mkubwa wa dhahabu, uliofunguliwa mwaka 2000, uliendesha mitambo yake kwa mafuta kwa miaka mingi, na sasa wapokea umeme wa gridi. Mafuta yaliyokuwa yakiletwa kwa malori hayahitajiki tena kwa wingi ule.

Vilevile Wizara ilitangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini mwanafunzi mwangalifu asome tangazo vizuri. Kijiji kufikiwa na umeme si sawa na kila nyumba kuwa na umeme. Nchi ina vitongoji zaidi ya 64,000, na vingi vilikuwa bado havijafikiwa wakati tangazo hilo lilipotolewa. Tena nyumba kuwa na taa si sawa na nyumba kupikia umeme. Mtu aweza kusoma gazeti chini ya taa ya umeme huku mkewe anapuliza kuni nje. Shule nyingi ziko katika hali hiyo hiyo, na yetu ni mojawapo.

Tabianchi ni kazi ya nani?

Tumeona kwamba umeme wetu wategemea mvua. Basi, mtu atauliza, nani anayeangalia mabadiliko ya mvua na joto?

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho: kuna jua, au kuna mvua. Tabianchi ni tabia ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, 30 au zaidi. Mvua ikichelewa mwaka mmoja, hiyo ni hali ya hewa. Misimu ikibadilika kizazi kizima, hiyo ni tabianchi.

Wataalamu wa dunia wamethibitisha kwamba dunia inapata joto, na kwamba sababu kubwa ni hewa ya ukaa itokayo katika kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kukata misitu. Hewa hiyo hukaa juu angani kama blanketi na kuzuia joto lisitoke.

Katika nchi nyingine kazi ya nishati na kazi ya tabianchi zimewekwa pamoja. Denmark ilifanya hivyo mwaka 2007, na Uingereza ilikuwa na wizara ya namna hiyo tangu mwaka 2008 hadi 2016. Hoja yao ni kwamba anayewasha moto ndiye aangalie moshi. Kwetu sisi kazi hizi ziko katika ofisi mbili. Nishati iko kwa Waziri wa Nishati. Tabianchi iko katika Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa Mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Utabiri wa mvua nao ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Zanzibar ina wizara zake yenyewe.

Mpango wetu una faida yake, maana mazingira si nishati tu. Yako pia mashamba, mito, misitu na taka. Una hatari yake pia: kila ofisi yaweza kudhani kwamba jambo fulani ni la jirani. Moto wa kuni ni jambo la namna hiyo. Kwa miaka mingi watu wa umeme waliona kuni kuwa jambo la misitu, na watu wa misitu waliona kuni kuwa jambo la nishati. Katikati yao alikaa mama mpishi na moshi wake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na katika mpango wake wa mwaka 2021 iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 hewa inayochafua itakuwa pungufu kwa asilimia 30 hadi 35 kuliko ambavyo ingekuwa pasipo jitihada. Lakini tusidanganyane. Sehemu ya nchi yetu katika hewa chafu ya dunia ni chini ya moja katika mia. Moshi wa jiko letu sio uliopasha dunia joto. Kazi hiyo imefanywa zaidi na nchi za viwanda kwa miaka mingi. Ndiyo maana Serikali yetu yasema kwamba nchi maskini nazo zina haki ya kutumia mali zao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, limepangwa kupita katika mkoa wetu wa Geita. Wako watu wa mazingira wanaolipinga, na ziko serikali mbili zinazosema kwamba litaleta fedha na kazi. Kila mwanafunzi na apime hoja za pande zote mbili.

Kwa nini basi tuhangaike na kuni? Kwa sababu hasara ya kuni haiko angani tu. Iko hapa hapa, katika miti yetu, mifuko yetu na mapafu yetu.

Moto wa mafiga

Katika nchi yetu, zaidi ya watu 8 katika kila 10 walikuwa wakipikia kuni au mkaa wakati Serikali ilipoandaa mkakati wake wa mwaka 2024. Serikali yataja kwamba hekta zipatazo 469,000 za misitu hupotea kila mwaka. Si zote zinazokwenda mafigani, maana mashamba mapya nayo hula misitu, lakini kuni na mkaa zimo. Yataja pia kwamba watu wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Wengi wa wanaovuta moshi huo ni akina mama na watoto walio mgongoni mwao.

Tutazame sayansi yake. Katika mafiga matatu ya wazi, katika kila sehemu 10 za joto, ni 1 au 2 tu zinazoingia katika chungu. Zilizobaki hupasha upepo. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini hasara yake imefichika porini: katika tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hutaka kilo 6 hadi 10 za mti. Tukichukua kilo 8, gunia la mkaa la kilo 50 limekula kilo 400 za mti. Tena mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu asilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana huenda asiamke.

Hapa Geita miti ina maadui wengine pia. Wachimbaji wadogo hukata miti ya matimba ili kuzuia kuta za maduara zisiporomoke. Hatuwezi kuwalaumu, maana bila matimba mtu hufukiwa. Lakini mti mmoja hauwezi kuwa timba, na kuni, na mkaa kwa wakati mmoja.

Jirani zetu wa Shinyanga walipata kujua mwisho wa njia hiyo. Huko miti ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, kisha ikakatwa kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Haukuleta jambo la kigeni, bali ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa mvua, ili ifae wakati wa kiangazi. Miti ikaota tena katika mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Twajifunza hapa kwamba nchi iliyoharibika yaweza kupona, wenyeji wenyewe wakitaka.

Mkakati wa mwaka 2024

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Mwezi huo huo ulifanyika mkutano mkubwa huko Paris juu ya jambo hili, Rais wetu akiwa mmoja wa wenyeviti wake, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika.

Kabla ya hapo Serikali ilikwisha agiza kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Wanafunzi wangu, hesabuni mlivyo. Shule yetu ni taasisi ya namna hiyo. Agizo lile latuhusu sisi kama linavyohusu magereza, vyuo na hospitali. Hili ndilo jibu kamili la swali lile la Kidato cha Pili.

Hesabu ya kuni

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme shule ina wanafunzi 600, na kila mmoja hutumia nusu kilo ya kuni kwa siku. Hizo ni kilo 300 kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Basi 300 mara 194 ni kilo 58,200, yaani tani 58 na kidogo. Kwa lori la tani 7, ni zaidi ya malori 8 kila mwaka. Tukitumia jiko banifu linalopunguza kuni kwa nusu, yatakuwa malori 4 na kitu.

Hesabu hii ni ya mfano tu. Nataka wanafunzi wa Kidato cha Tatu wazipime kuni zetu za kweli kwa mizani muda wa wiki moja, waziandike katika daftari, na waulize bei ya kila lori. Hapo tutakuwa na jambo la kusema mbele ya Bodi ya Shule. Anayeomba kwa takwimu husikilizwa kuliko anayeomba kwa manung'uniko.

Njia zilizopo

Kila nishati ina wema wake na ubaya wake, nami sitaki kumdanganya mtu.

Gesi ya mitungi hupika haraka na haina moshi. Lakini huagizwa kutoka nje ya nchi, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi fedha yake lazima iwepo mkononi. Tena yataka uangalifu mkubwa, maana ikivuja hulipuka.

Umeme sasa unazalishwa kwa wingi nchini. Jiko la umeme la presha laweza kuivisha sufuria ya maharage ya nyumbani kwa uniti isiyozidi 1. Lakini majiko makubwa ya shule yana bei, nyaya za jikoni sharti ziwe imara, na umeme ukikatika lazima iwepo njia ya pili.

Gesi ya samadi, yaani biogesi, yafaa mahali penye ng'ombe wengi au vyoo vya watu wengi, nasi Kanda ya Ziwa hatukosi ng'ombe. Lakini mtambo wake hutaka fundi, maji na mtu wa kuulisha kila siku.

Jiko banifu la kuni si mwisho wa safari. Hata hivyo ni hatua ambayo shule yaweza kuianza kwa matofali na bomba la kutolea moshi, wakati ikingojea hizo nyingine.

Yatupasayo kufanya

Serikali ina wajibu wake: agizo lisilo na fedha hugeuka lawama kwa Mkuu wa Shule. Yafaa Bodi ya Shule iandike kwa Halmashauri, ikieleza hesabu yetu na kuuliza msaada uliopo kwa REA na kwingineko.

Wazazi, ninyi mnachangia chakula cha watoto. Mkiona katika mkutano pendekezo la kununua jiko jipya, msilione kuwa ni anasa. Lipimeni na malori yale 8, na yatakayofuata mwaka ujao, na mwaka wa baadaye.

Walimu, tufundishe jambo hili katika Fizikia, Kemia na Jiografia, si kwa ubao tu bali kwa kuwapeleka wanafunzi jikoni.

Nanyi wanafunzi, yako mambo manne yasiyohitaji barua ya Wizara. Kwanza, kuni zipasuliwe ndogo na kukaushwa chini ya paa. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake yenyewe. Pili, maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha. Tatu, sufuria ifunikwe. Nne, kila mmoja apande mti na kuutunza hadi uote vema, maana mche uliopandwa siku ya sherehe na kuachwa kwa mbuzi haukupandwa.

Mimi mwenyewe nimeanza kwa jambo dogo. Wanafunzi wa zamu yangu walinisaidia kuezeka banda la kuni kwa mabati ya zamani. Mama mpishi alikuja kulitazama, akazunguka pande zote, akasema, “Ahsante, Mwalimu. Sasa nitalia nusu.”

Hiyo nusu iliyobaki ndiyo kazi yetu sote, kutoka Mtumba hadi hapa jikoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya kazi ya Wizara ya Nishati na kazi ya TANESCO.

2. Kwa nini ukame huleta mgawo wa umeme? Taja nishati mbili zisizongoja mvua.

3. Familia moja hutumia magunia 12 ya mkaa kwa mwaka, kila gunia kilo 50. Ikiwa kilo 1 ya mkaa hutaka kilo 8 za mti, familia hiyo hutumia kilo ngapi za mti?

4. “Yafaa nishati na tabianchi ziwe wizara moja.” Jadili, ukitoa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.

5. Muulize mzazi au babu yako: kuni zilichotwa umbali gani alipokuwa mtoto, na sasa zachotwa umbali gani? Andika jibu lake, uje nalo darasani.